Nani Atamgeuza Dani Jioni

Otonglo, jioni ya kuamkia safari yako

Akinyi nyathina, mwanangu,

Barua za watu wa umri wangu zilianza kwa kuulizana hali. Wewe sikuulizi, maana hali yako naisikia kutoka hapa mezani. Unapigana na zipu ya sanduku, na Mama yako anakwambia uongeze blanketi nyingine kwa sababu Nakuru kuna baridi. Mambo ya blanketi, ya unga, ya kufunga mlango na kutomwazima mtu simu nimemwachia yeye. Ameshayasema yote, na mengine ameyarudia hadi paka wetu ameyakariri.

Mimi nimekaa kuandika kwa sababu jana uliniuliza swali na sikukujibu. Mlikuwa mnatoka kumgeuza Dani, bibi yako mzaa mama, kitandani kwake, wewe na Mama yako, mmebeba beseni na shuka za kufua, na mimi nawasubiri langoni kwa jirani kama kawaida yangu. Ukasema, "Baba, nikishaenda, nani atamgeuza Dani jioni?" Nikajifanya naangalia mawingu. Mama yako akasema Mungu atafungua njia. Baadaye mezani nilikuona ukimega ugali bila kuula, nikajua swali hilo utalibeba hadi Nakuru nisipolijibu.

Nitalijibu. Ila nivumilie, nitazunguka kwanza. Unajua baba yako hajui kwenda moja kwa moja mahali popote isipokuwa kazini.

Hiyo kazi unayoiendea nahangaika hata kuieleza. Mama wa duka aliniuliza binti yangu ameajiriwa kama nani. Nikamwambia atakuwa anasoma rekodi za hospitali nyingi, aone wauguzi wanawatunza vipi wagonjwa wasioweza kujigeuza, wasipate vidonda vya kulalia. Akasimama na mkebe wa sukari mkononi. "Sasa Baba Akinyi, kidonda ya mtu unaisoma kwa kompyuta? Si unafunua tu unaangalia?" Nilicheka naye, nikalipa, nikaondoka. Njiani nikawaza kwamba mimi, muuguzi, nimefunua na kuangalia maisha yangu yote ya kazi, na bado ulinionyesha kwenye kompyuta yako kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Sijawahi kukuambia jinsi ngozi inavyonistaajabisha. Mtu mzima akilala hajui kwamba anafanya kazi. Usiku kucha mwili unajigeuza wenyewe, mara ubavu huu, mara ubavu ule, bila kumwamsha mwenyewe. Siku akipigwa na kiharusi au akivunjika nyonga, ile kazi inasimama. Mifupa inaibana ngozi kwenye godoro, damu haipiti, na mahali pale panakuwa pekundu. Ukibonyeza kwa kidole na wekundu usiondoke, ujue ngozi imeshaomba msaada. Usipoisikia inafunguka, na chini yake unaweza kukuta shimo la kuingiza ngumi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta hujengwa kwa miezi, kwa nyama ya mtu.

Nilifundishwa haya nikiwa kijana mwembamba wa kukaa mbele darasani, na nimewafundisha wengine wengi. Lakini mganga hajigangi.

Unajua jinsi mimi na Dani tunavyoishi. Mimi ni or wake, mkwe wake, na yeye ni maro wangu, mama mkwe. Kwetu watu hawa wawili hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawalali chini ya paa moja, na or kumwona maro wake amelala kitandani ni jambo ambalo hata kulitaja ni aibu. Wewe ulipokuwa mdogo ulidhani tumegombana. Ulimuuliza Mama yako mbona Dani akija Baba anakimbilia nje. Hatukugombana hata siku moja. Nimeheshimiana na mama yule kuliko watu wengi ninaowajua wanaokumbatiana kila Jumapili, na desturi hiyo sikuilaumu, wala leo siilaumu. Ila mtu anaweza kujificha ndani ya heshima, na mimi nilijificha.

Alipopata kiharusi kule kwao Luanda Kotieno, mke wa mjomba wako alimtunza kwa moyo wake wote. Alimlisha, alimwogesha, alimwimbia. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu akilazwa chali mchana kutwa mwili wake unamla. Mama yako alikwenda kumwona, akarudi akaniambia, "Pale juu ya makalio pamekuwa pekundu." Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu. Nikasema, "Wampake mafuta, wapasugue kidogo." Akinyi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefeli kwa jibu hilo. Mahali pekundu hapasuguliwi, panaondolewa uzito. Nilijua. Lakini muuguzi angelazimika kuuliza swali la pili na la tatu, na mkwe hana ruhusa ya kuuliza hata la kwanza. Nikajibu kama mkwe, nikaenda zangu kazini kuwageuza wazazi wa watu.

Baadaye nikaenda mwenyewe. Walinichinjia kuku kama inavyopasa. Nilikaa sebuleni kwenye kochi lenye vitambaa vya kufumwa, nikala hadi nikalegeza mshipi. Dani alikuwa upande wa pili wa pazia. Nikamsalimia kwa sauti, akaitikia. Nikamuuliza, "Mama, unaendeleaje?" Akasema, "Niko sawa, or. Wewe kula."

Kulikuwa na harufu. Kila muuguzi anaijua ile harufu, na akishaijua haimtoki. Nilijiambia ni samaki wanaoanikwa nje.

Mara nyingi nimetaka kurudi kwenye kochi lile, niweke sahani chini, niseme tu, mwiteni mtu aliye na ruhusa amgeuze mama, aniambie anachokiona. Ni sentensi moja. Sikuhitaji kuvuka pazia wala kuvunja mwiko wowote. Nilihitaji kuuliza.

Homa ilipompanda ndipo wakamleta Kisumu, akalazwa hospitalini kwetu, wodi ya wanawake kwa Sista Rehema. Wewe ulikuwa umeanza mafunzo yako pale kwenye ofisi ya rekodi, na Rehema alikuwa ameshakuzoesha mahamri yake. Mimi nasimamia wodi ya wanaume, ukuta kwa ukuta na yake, na kwa miaka mingi nilimtania kwa desturi yake moja. Mgonjwa akifika tu, kabla hata shuka haijanyooshwa, Rehema anawasha taa, anamgeuza, anamwangalia mgongo, nyonga, visigino, hata nyuma ya masikio, na anaandika alichokiona na saa aliyokiona. Tulikuwa tunasema Sista anakagua wagonjwa kama anayenunua ng'ombe. Alikuwa anacheka na kuendelea.

Siku ile alipomkagua Dani, nilimfuata kwenye korido. Haya hujawahi kuyasikia kutoka kwangu, ingawa nadhani Rehema alishakudokezea.

"Sista, hiyo kidonda ni kubwa vile umeandika kweli?"

"Ni kubwa, Odhiambo. Imekaribia mfupa."

"Si ungeandika tu pamekuwa pekundu kidogo? Huyu ni mtu wangu. Watasema nini, mimi mzima nafanya hii kazi, halafu maro wangu analetwa na kidonda kutoka nyumbani?"

"Wewe umeiona?"

"Nitaiona vipi, Rehema? Ni maro wangu."

Hakunikasirikia. Alinitazama kama anavyowatazama wagonjwa, akasema, "Basi mimi nimeiona kwa niaba yako. Nikiandika ngozi iko sawa, mtu wa zamu ya usiku atasoma ngozi iko sawa, atamwacha alale chali mpaka asubuhi. Mficha uchi hazai, ndugu yangu." Akaenda kutafuta mto wa kumwekea Dani mgongoni.

Siku zile zile wakubwa walitaka wodi zilinganishwe. Wakakupa wewe kazi ya kukusanya rekodi za wodi zote, za kupokea wagonjwa, za kuwageuza, za kusafisha vidonda, na kuziingiza kwenye kompyuta. Hesabu ya kwanza ilipotoka, wodi ya Rehema ilikuwa na vidonda vya kulalia vingi kuliko wodi zote. Wodi yangu ilikuwa na sifuri.

Ah, ile sifuri. Nilitembea nayo kwenye korido kama mtu aliyevaa suti mpya. Watu walinipa mkono. Minong'ono ikaanza kwamba Rehema ataondolewa kwenye usimamizi na wodi yake apewe mtu wa kuinyoosha, na wengine wakataja jina langu. Sikukanusha.

Jioni ile ulifungua kompyuta hapa hapa mezani, katikati ya vikombe. Mama yako alikuwa hajarudi kutoka sokoni na omena zake. Ukaniuliza, kwa upole, "Baba, hii zero yenu ni ya nini?"

"Ya kazi mzuri."

"Ama ni ya kutoangalia?"

Nilikuwakia. Nilisema mengi ambayo nisingependa yaandikwe hapa, na moja ni kwamba kompyuta haijawahi kumbeba mgonjwa hata mmoja. Ulinimiminia chai, ukaningoja ninywe, na kikombe kilipobaki nusu ukanionyesha chati za ule usiku wa ajali ya lori.

"Baba, hiyo usiku si mliitwa nyote chini kupokea majeruhi?"

"Tuliitwa."

"Mkarudi wodini saa ngapi?"

"Karibu kukuche."

"Sasa ona hapa. Wagonjwa wenu wote wamegeuzwa hiyo usiku, kila baada ya masaa mbili, hakuna amekosa. Nani aliwageuza?"

Nilitazama zile saa zilivyopangana, zimenyooka, hakuna hata moja iliyochelewa dakika. Ukaniwekea na karatasi yenyewe, na mwandiko ulikuwa wangu. Wewe ulikuwa unaujua mwandiko huo tangu nilipokuwa nakusainia ripoti za shule.

Nakuomba uelewe, kwa sababu huko unakokwenda utakutana na chati nyingi zilizonyooka hivyo. Hatukuona kwamba tunasema uongo. Zamu ikiisha unajaza chati yote kwa mkupuo, kwa kalamu moja, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati kabla ya kutoka nje. Wauguzi ni wawili, wodi imejaa, vitanda vingine vina watu wawili kichwa na miguu. Unageuza unaoweza kuwageuza, na unaandika ulichotakiwa kufanya. Baada ya miaka, mkono unaandika wenyewe na wewe unauamini. Ukiziona chati za namna hiyo, usiwachukie walioziandika. Waulize tu usiku ule walikuwa wapi, kama ulivyoniuliza mimi, na uwamiminie chai.

Nilidhani umemaliza. Kumbe ulikuwa hujaanza.

Ukavitenga vidonda vya wodi ya Rehema mafungu mawili: vya wale waliokuja navyo kutoka nyumbani au hospitali nyingine, na vya wale waliovipatia pale pale wodini. Uliweza kufanya hivyo kwa wodi yake tu, maana ndiye peke yake aliyekuwa anaangalia mgonjwa anapofika. Sisi wengine hatukuwa na cha kutenga. Ukabonyeza, na ule mlima wote wa vidonda vyake ukahamia upande wa waliokuja navyo. Upande wa pili ukabaki karibu mtupu.

Ukasema, "Baba, angalia hawa." Ukanionyesha wanawake waliofika na ngozi nzima. Walikuwa wengi, mstari baada ya mstari, bila majina. Kiharusi, nyonga, uti wa mgongo, kisukari. Mmoja ametoka Nyalenda, mwingine Bondo, mwingine Ahero. Wamelala pale wiki na wiki hawawezi kujigeuza, na wameondoka na ngozi nzima.

Mwanangu, nilishikwa na kitu ambacho sijui nikiiteje. Kidonda ambacho hakikutokea hakina kovu. Wanawake wale wako majumbani mwao sasa hivi, wanakaa kwenye viti vyao, wanaketi kanisani, na hakuna hata mmoja anayejua kilichomkosa. Hakuna aliyemletea Rehema kuku wala asante. Hata Rehema mwenyewe hakuwa anajua, alikuwa anageuza tu na kuandika. Na wewe, mtoto niliyekufundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda, ukakusanya karatasi za watu waliochoka na kuniwekea mbele yangu kitu ambacho hakikutokea, nikakiona kwa macho. Nilisimama nikaenda uani. Uliponiuliza kulikoni nikasema moshi wa jiko. Jiko lilikuwa la gesi.

Niliporudi uliweka kidole kwenye nukta moja. "Huyu ni Dani," ukasema. Tuliijua kwa tarehe na umri. Ilikuwa upande wa waliokuja navyo, mahali pake pa haki. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa namwomba Rehema kwenye korido. Kama angeniandikia wekundu kidogo, siku chache baadaye kidonda kingeonekana, na kingehesabiwa kwamba kimetokea kwake. Nilikuwa namwomba achukue kidonda ambacho nilikula kuku kando yake, akibebe kwa jina lake. Nyani haoni kundule, wanasema, na hapa methali haijawahi kukaa mahali pake hivyo.

Hukuniambia nifanye nini. Ulifunga kompyuta ukasema, "Kesho naonyesha hii kwa mkutano. Ukitaka usikuje, ni sawa." Ulikuwa unajua vizuri ukisema hivyo nitakuja.

Ya mkutano unayajua, ulikuwepo. Mkubwa mmoja aliposimama kuipongeza wodi yangu, nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nilisema sifuri yetu ni ya macho, si ya ngozi, kwamba hatujaangalia, na kwamba wakimwondoa Sista Rehema watakuwa wamemfukuza mtu pekee anayewasha taa. Nikaketi. Rehema alikuwa anaangalia mikono yake. Wewe ulikuwa umesimama kando ya ile picha ya mistari yako ukutani, mrefu, mtulivu, na nikajiuliza huyu mtu nimemzaa mimi kweli? Rehema aliachwa kwenye wodi yake. Siku iliyofuata alinipitishia mahamri.

Halafu tukaenda wodini kwangu, mchana, taa zote zikiwaka, tukamgeuza kila mtu. Wewe ulishika kalamu nyuma ya pazia. Sifuri haikufika hata kitanda cha tatu. Unamkumbuka yule mzee wa nyonga iliyovunjika, aliyekuwa akinichekesha kila asubuhi? Nilipomgeuza nikakuta kidonda kwenye nyonga ile nyingine, nikamuuliza, "Mzee, mbona hukusema?" Akaniambia, "Daktari, imeniuma siku mingi. Mimi nilidhani mnajua."

Hilo ndilo neno ninalolisikia kila nikiingia zamu. Silisikii kama lawama. Mzee yule alituamini hivyo, na kuaminiwa hivyo kunanitisha na kunipa heshima kwa pamoja. Kila mstari utakaoufungua huko Nakuru una mtu ndani yake anayedhani mnajua.

Sasa nirudi kwa Dani, nisije nikakesha.

Alipotoka hospitali hakutaka kusikia habari ya kulala kwenye nyumba yangu, na mimi nisingemwomba. Tukampangia chumba hapa kwa jirani. Mchana yuko yule dada anayemhudumia, lakini jua likielekea kuzama anarudi kwake. Jioni ni yenu, wewe na Mama yako, kwa sababu Dani ni mzito na mtu mmoja akimvuta peke yake ngozi itachubuka. Lazima wawe wawili, mmoja huku na mmoja kule, wamnyanyue kwa shuka. Miezi hii yote nimekuwa nawasubiri langoni, na kila jioni unaniambia, "Imepungua, Baba." Nyama mpya inaota kutoka chini, nyekundu, na ngozi inatambaa kutoka pembeni kidogo kidogo kufunika. Kwa umri wake ule! Nimeona vidonda vingi vikipona na sijazoea. Lakini hiki sijakiona hata siku moja. Nakijua kwa maneno yako tu.

Leo mchana, mlipokuwa mmeenda kuchukua tiketi, nilivuka kwa jirani. Nikasimama nje ya mlango wake kama siku zote, pazia katikati, dada yule akinipa kiti na mimi nikikikataa. Nikamsalimia. Akaitikia.

"Mama, Akinyi anaenda kesho."

"Ameniambia. Amelia hapa." Akaongeza, "Na jioni itakuwa nani?"

Nikamsikia anapumua. Kiswahili chake cha soko la samaki anakitumia akitaka neno likae mbali kidogo na nyumbani, na leo alikitumia.

"Or, huko kwa kazi wewe unageuza wamama?"

"Wodi ya wamama ikituita, nageuza, Mama."

"Wale wamama hawana mkwe?"

"Wako nao."

"Basi wewe unageuza maro ya watu." Akacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja tangu kiharusi. Kisha akaacha kucheka. "Ile siku ya kuku nilisikia umenyamaza. Nikajua umenusa. Mimi ndio niliwaambia wasikwambie. Ningekuambia nini?"

Akinyi, nilishika mlango. Tulikuwa wawili tuliokuwa tunaficha kitu kimoja, kila mtu upande wake wa pazia, kwa kumheshimu mwenzake.

"Sasa sikia," akasema. "Kesho uvae ile nguo ya kazi. Usikuje hapa na shati ya nyumbani. Ukiwa na ya kazi wewe ni daktari na mimi ni mgonjwa, na Mama Akinyi anishike huku anifunike vizuri. Ukitoka hapo nje, uivue. Wewe ni or yangu tena na hujaniona."

Nilisema ndiyo, Mama. Mwanamke yule hawezi kunyanyua mkono wake wa kulia, na amenyanyua kitu ambacho mimi mwenye mikono miwili nilishindwa nacho.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni mimi. Nimeshapiga pasi shati la kazi, ndilo hilo ulilolikuta limetundikwa juu ya sanduku lako ukadhani nina zamu. Sina zamu. Kesho jioni, basi lako likiwa limeshafika Nakuru, mimi na Mama yako tutavuka kwa jirani na beseni na shuka, nitapiga hodi, na nitaingia.

Nina woga, nakuambia ukweli. Nina woga kuliko siku yangu ya kwanza wodini. Lakini nina hamu pia ya kuiona ngozi ile uliyoikuza wewe.

Nenda, mwanangu. Umenionyesha mambo makubwa kuliko niliyokufundisha, na sioni aibu kuyasema. Ukipiga simu kesho jioni, usiniulize kama nimemgeuza Dani. Unajua jinsi ninavyojaza chati. Muulize Mama yako ngozi ikoje.

Baba yako,
Odhiambo